Binti wa O, baba wa AB: kisa cha chupa ya njano

Kisa kwa kifupi

Binti wa kidato cha nne alipima kundi lake la damu katika somo la vitendo, akapata O. Baba yake ni AB. Kwa kanuni niliyoiandika ubaoni kwa mkono wangu wiki moja kabla, baba wa AB hazai mtoto wa O. Wiki haijaisha, mama yake akawa amehamia kwa dada yake na begi moja la nguo.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Bailojia. Nimeondoa majina, mkoa na mwaka, na mambo machache ya familia nimeyabadili ili wasitambulike. Wenyewe waliridhia kisa kisimuliwe. Mama aliweka sharti moja, kwamba nisijipunguzie sehemu yangu.

Mazingira

Ni shule ya kutwa nchini Tanzania, mkondo mmoja wenye wanafunzi 41. Maabara ina meza sita, sinki mbili ambazo moja ndiyo inayotoa maji, na paa la bati lisilo na dari. Mwaka ule mtu mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya afya alituletea vitendanishi vilivyobaki, yaani dawa za kupimia kundi la damu: chupa ya bluu ya anti-A, chupa ya njano ya anti-B na ile isiyo na rangi ya anti-D, ya kupimia chanya na hasi (Rh). Nilivipokea kama mtu aliyeokota pesa. Miaka yote nilikuwa nachora makundi ya damu kwa chaki, na sasa watoto wangeyaona kwa macho.

Sikusoma tarehe kwenye lebo. Vitendanishi hivyo hutakiwa kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mimi niliviweka kwenye kabati la maabara, chini ya lile bati, kwa wiki tano.

Nieleze kidogo kinachopimwa, kwa sababu kisa chote kimekaa hapo. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina jeni ndani yake. Kinachoitwa kundi la damu ni sukari zilizochomoza juu ya utando wa seli hiyo. Zilipachikwa zamani, seli ikiwa bado changa ndani ya uboho wa mfupa, ikiwa na kiini chake na vifuko vya Golgi, ambamo sukari hupachikwa, vikifanya kazi. Jeni inayohusika ipo kwenye kromosomu namba 9, na kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya. Jeni hiyo ina matoleo tofauti yaitwayo aleli. Aleli ya A hutoa kimeng'enya kinachopachika sukari iitwayo N-asetilgalaktosamini. Aleli ya B hutoa kinachopachika galaktosi. Aleli ya O iliyoenea zaidi imepungukiwa herufi moja tu ya vinasaba, na kuanzia pale ilipopungua maelekezo yote yanasomeka kombo, kama mtu aliyekosea kifungo cha kwanza cha shati. Kimeng'enya hakifanyi kazi, na sukari ya msingi, iitwayo H, inabaki wazi bila nyongeza.

Kila mtu ana aleli mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye A na B huonekana AB, maana vimeng'enya vyote viwili vinafanya kazi bila kimoja kukizima kingine. Ili uwe O lazima upokee O pande zote mbili. Baba wa AB hana O ya kutoa. Karl Landsteiner alieleza makundi haya Vienna mwaka 1901, na mwaka 1924 Felix Bernstein akaonyesha kwamba yanarithiwa kwa aleli tatu. Mtihani wa taifa unaupenda sana mraba wa kurithi, yaani kijedwali cha kupanga aleli za mama na za baba ili kuona watoto wanaowezekana, nami nilikuwa nimeukaririsha darasa mpaka umewakaa.

Kuna jambo moja la mazingira ambalo wakati ule sikuliona kama jambo. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto akifika nyumbani anasimulia kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, damu ni ukoo. "Huyu ni damu yangu" maana yake ni mwanangu, ndugu yangu. Sasa mtoto akisema mezani, "damu yangu na ya baba haziendani," hakuna mtu pale anayefikiria sukari kwenye utando wa seli.

Yaliyotokea

Jumatatu, vipindi viwili mfululizo. Kila mwanafunzi alichoma kidole kwa sindano yake, akaweka matone matatu kwenye kigae cheupe, akachanganya na vitendanishi kwa kijiti. Damu ikifanya mabonge mbele ya anti-A, seli zina sukari ya A. Ikifanya mabonge mbele ya anti-B, zina ya B. Ikibaki laini pote, ni O. Niliwataja mmoja mmoja kwa jina nikaandika majibu ubaoni: A watu 11, O watu 30. Kengele ilipogonga nikawapa kazi ya nyumbani: waulizeni wazazi makundi yao, mchore mraba, muone ninyi mmetoka wapi.

Sikuwa nimepeleka barua kwa mzazi yeyote.

Jumatatu hiyohiyo usiku binti aliuliza. Baba huchangia damu mara kwa mara, akatoa kadi yake ya uchangiaji: AB. Mama akaleta kadi ya kliniki aliyotumia wakati wa ujauzito wa mdogo wa binti: A. Binti akachora mraba mezani, akafuta, akachora tena. Baba akamuuliza, "Mbona unafuta?" Akajibu alivyofundishwa: "Baba, mtu wa AB hazai O."

Baba hakupaza sauti. Alichukua daftari akalitazama muda mrefu. Asubuhi akampigia kaka yake simu, na jioni baba mkubwa akawa sebuleni. Jumatano mama akaulizwa mbele ya shemeji yake swali ambalo mke haulizwi mbele ya watu. Alhamisi akaondoka. Binti hakuonekana shuleni tangu Jumatano, nami nikaandika kwenye mahudhurio kuwa ni mgonjwa, kwa kuwa ndivyo mwenzake alivyoniambia.

Ijumaa mama alikuja ofisini. Alisalimia vizuri, akaketi, akaniuliza: "Mwalimu, umemfundisha nini mwanangu?"

Maamuzi, likiwemo lile baya

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa wa haraka na mbovu. Nilitaka kumtuliza, nikaanza kumweleza mambo ya nadra. Nilimwambia kuhusu hali iliyoelezwa na madaktari wa Bombay mwaka 1952, ya watu wasio na hata ile sukari ya H. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa amebeba aleli ya A au B, lakini kimeng'enya hakina mahali pa kupachika sukari yake, hivyo kigaeni anaonekana O. Nikamtajia pia kwamba kuna watu wachache wenye A na B zilizokaa kwenye kromosomu moja, ambao wanaweza kumpa mtoto O kwa kromosomu ile nyingine.

Yote ni kweli kisayansi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Kwa hiyo nikamwambie mume wangu kwamba mimi ni yule mmoja wa nadra?" Nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimempa kisingizio kizuri, na mtu asiye na kosa hahitaji kisingizio. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimeruka hatua. Nilitafuta maelezo ya jibu kabla ya kuuliza kama jibu lenyewe ni sahihi.

Swali hilo halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mwalimu wa Hisabati, ambaye meza yake inatazamana na yangu na alikuwa amesikia. Mama alipotoka akaniomba nimwonyeshe majibu ya darasa zima. Aliyatazama chini ya dakika moja. "Watu 41," akasema, "na hakuna B hata mmoja?"

Katika Afrika Mashariki watu wa B na AB kwa pamoja ni kama mmoja kati ya wanne au watano. Tuchukue mmoja kati ya watano, ili tusijipendelee. Nafasi ya mwanafunzi mmoja kutokuwa na B ni 0.8. Kwa wanafunzi 41 wasio ndugu, 0.8 inazidishwa yenyewe mara 41, na jibu ni takriban 0.0001. Yaani ungehitaji madarasa kama elfu kumi ili upate moja la namna ile kwa bahati tu. Nilikuwa nimeandika mistari hiyo ubaoni mwenyewe, nikasimama mbele yake kipindi kizima.

Uamuzi wa pili ukawa rahisi. Mwalimu wa Jiografia ana kadi ya kuchangia damu, kundi B. Tukamwomba tone moja. Mbele ya anti-B yetu damu yake ilibaki laini kama uji uliokorogwa vizuri. Tukarudia kwenye kigae kingine, ikawa vilevile. Ndipo nikageuza chupa ya njano nikasoma lebo: ilikuwa imepitwa na wakati miezi 14. Ya anti-A ilikuwa ya toleo lingine, bado ina muda, na ilifanya kazi. Kwa hiyo kigae chetu kilikuwa kikimsoma kila mtu wa B kuwa O, na kila wa AB kuwa A.

Uamuzi wa tatu ulihitaji kujizuia. Nilitamani kukimbia kwa familia ile na kusema, "Binti ni B, mambo yamekwisha." Lakini sikuwa najua kama ni B. Chupa mbovu haisemi kwamba mtu ni B. Inasema tu kwamba hatujui. Mkuu wa shule alikubali twende pamoja Jumamosi, akaniambia nizungumze mimi. Niliwaambia wazazi wote wawili, baba mkubwa akiwepo, kwamba kipimo cha shule kilikuwa kibovu, kosa ni langu, na kwamba lile jibu la O lichukuliwe kama halijawahi kuwepo. Baba mkubwa akauliza kwa nini tusiende moja kwa moja kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupima vinasaba. Nilimjibu kwamba kipimo hicho kipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009 na maombi yake hupitia vyombo kama mahakama au ustawi wa jamii, lakini hatujafika huko: kilicholeta swali ni chupa, na chupa imeshakutwa na kosa. Baba wa binti akasema apimwe kundi upya, hospitalini. Mama akakubali. Binti, ambaye wakati wote alikuwa amesimama mlangoni, akasema anataka kupimwa ila awepo majibu yakisomwa.

Uamuzi wa nne hatukuufanya sisi. Mtaalamu wa maabara ya hospitali alipotusikia alituuliza kabla ya kugusa sindano: "Na ikitoka O tena, mmejiandaaje?" Hakuna aliyekuwa amejiandaa. Tulikaa kwenye benchi la nje karibu nusu saa. Tulikubaliana kwamba majibu atayapokea kwanza ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwamba yatasomwa kwa baba, mama na binti pekee, na kwamba jibu lolote lisingemtoa binti nyumbani wala kumkatisha shule. Hilo la mwisho alilisema baba mwenyewe, akitazama chini.

Matokeo

Maabara ilipima pande mbili. Kwanza seli za binti dhidi ya vitendanishi, kisha maji ya damu yake dhidi ya seli zinazojulikana za A na za B. Upande huu wa pili ndio niliokuwa siufundishi. Mtu wa B huwa na kingamwili dhidi ya A kwenye maji ya damu yake, kwa hiyo pande zote mbili lazima zisimulie kisa kimoja. Zilikubaliana: B. Baba AB alitoa B, mama wa A mwenye O iliyojificha alitoa O. Mraba ulikaa bila kufutwa.

Wiki iliyofuata baba alinifuata shuleni, peke yake. Aliuliza, "Kwa hiyo Mwalimu, hii B inathibitisha ni wangu?" Nilijua jibu ambalo lingempendeza. Nikamwambia ukweli: kundi la damu linaweza kukataa, haliwezi kuthibitisha. Wanaume wa B na AB ni wengi mno mjini hapa. Kinachoweza kusemwa ni kwamba hakuna kitu chochote, hata kimoja, kinachosema si wake, na kwamba hapakuwahi kuwepo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi inatosha."

Mama alirudi nyumbani baada ya majuma mawili. Tulipokutana aliniambia, "Karatasi imenisafisha. Lakini aliyeniuliza ni yuleyule." Sikuwa na la kujibu.

Kwa darasa, mtaalamu yule alikuja na vitendanishi vipya, safari hii barua za wazazi zikiwa zimerudi na saini. Wanafunzi 34, binti akihesabiwa humo, walipimwa upya. Kila mmoja alipewa jibu lake kwenye karatasi iliyokunjwa, nami nilipewa idadi tu: O 17, A 8, B 8, AB 1. Tisa kati ya 34 walikuwa wamebeba jibu lisilo lao.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana ni kifupi. Kumbukumbu za darasa zima zilikuwepo, na bila hizo swali la mwalimu wa Hisabati lisingekuwa na pa kushika. Kukiri kosa kwa mdomo, mbele ya baba mkubwa, kuliondoa mzigo kwa mama haraka kuliko karatasi yoyote. Na lile swali la benchini, la kujiandaa kwa jibu baya kabla ya kupima, ningelipachika kwenye mlango wa kila maabara.

Kosa la kwanza la kitaalamu ni kukosa kipimo cha kulinganishia. Kabla mwanafunzi hajaweka tone, kigae kingepaswa kuonyesha kwamba anti-B inaitambua damu ya B inayojulikana, na kwamba haigandishi damu ya O. Ilihitaji tone moja la mwalimu wa Jiografia. Ukimya wa kigae una maana mbili: ama sukari ya B haipo, ama kitendanishi kimekufa. Kwa macho hazitofautiani. Ndiyo maana kati ya majibu yote, O ndilo linalohitaji kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa ndilo pekee linalotokana na kutoona kitu.

La pili ni namna ninavyoifundisha kanuni yenyewe. "AB hazai O" niliifundisha kama amri. Mtoto akikutana na jibu linalovunja amri, anaona mvunja amri, na nyumbani mvunja amri ana jina. Ningeifundisha kama mizani ya sababu ingekuwa tofauti: jibu lisilolingana likitokea, shuku kwanza chupa, kisha kadi, kisha mwandishi wa kadi, kisha maumbile ya nadra, na watu mwishoni kabisa. Mpangilio huo si upole tu, unafuata wingi wa makosa. Vitendanishi huharibika na kadi huandikwa vibaya mara nyingi zaidi kuliko hali ya Bombay inavyotokea.

Kuhusu ubao: kutaja majina na majibu mbele ya wote, na kumtuma mtoto akachunguze wazazi, kulikuwa kosa hata kama chupa ingekuwa nzima. Katika watoto 41 wapo wanaolelewa na baba wa kambo bila kujua, wapo wa ndugu waliochukuliwa wakiwa wachanga. Kazi yangu ya nyumbani ilikuwa ikibisha hodi kwenye milango yote hiyo bila ruhusa. Waliponyamaza wiki ile nilidhani ni uvivu.

Na lugha. Sasa ninapofika kwenye mada hii natoka kwenye Kiingereza dakika kumi, wakaguzi wanisamehe. Nawaambia kundi la damu ni chapa ya sukari kwenye koti la seli, na kwamba neno hilihili "damu" nyumbani lina kazi nyingine kubwa zaidi. Nawaambia pia kwamba mabonge ya kigaeni si kule kuganda kwa damu kwenye kidonda, ingawa sote husema "imeganda". Kule kidondani ni nyuzi za protini, hapa ni kingamwili zinazozishika seli mbilimbili na kuzifunga pamoja.

Vidole havichomwi tena. "Damu" yetu sasa ni maziwa yenye rangi nyekundu ya chakula, na "kitendanishi" ni siki kwenye chupa moja na maji kwenye nyingine. Siki inafanya mabonge, maji hayafanyi. Familia ni za kubuni, na kila mwaka naharibu chupa moja makusudi nisiwaambie, halafu nangoja kuona kundi gani la wanafunzi litasimama na kusema hesabu haikai.

Wale saba ambao hawakupimwa upya walikuwa hawapo siku ile. Wawili niliwapata baadaye. Watano walimaliza shule, na kwenye madaftari yao, kama bado wanayo, wanne wameandikwa O na mmoja A, kwa wino mwekundu, na saini yangu pembeni.